Kabla ya kuuliza ni wa kike au wa kiume, ulizia mgongo

Bunda. Dada yangu alipokuwa na mimba ya kwanza alipiga picha ya altrasaundi mara moja tu, mimba ikiwa na wiki 36. Alirudi nyumbani Manyamanyama akiwa na karatasi mkononi na furaha usoni. Mtoto ni wa kike, kichwa kimeshuka chini, maji yanatosha. Jioni hiyo mama yetu alitoa khanga mbili mpya sandukuni akaziweka tayari.

Hakuna aliyezungumzia mgongo wa mtoto, na sisi pia hatukuuliza.

Wiki tatu baadaye mtoto alizaliwa. Dada anasema kitu anachokikumbuka zaidi ni ukimya. Mtoto alilia vizuri, lakini hakuna aliyempa hongera. Juu kidogo ya makalio, katikati ya mgongo, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu, ngozi yake nyembamba kama utando wa maziwa, ukivuja maji. Miguu ya mtoto ilikuwa imelala tu, hairushi mateke.

Mtoto alikuwa na mgongo wazi. Tatizo hilo lilikuwepo tangu mwezi wa kwanza wa mimba, miezi mingi kabla ya ile picha.

Sikitaji kituo alikopigwa picha, kwa sababu kosa hili si la kituo kimoja. Linatokea kila mahali ambako altrasaundi inachukuliwa kuwa kipimo cha kujua jinsia ya mtoto na namna alivyolala. Ninaandika ili mzazi anayesoma hapa aingie chumba cha picha akiwa na swali ambalo sisi hatukuwa nalo.

Siku 11 zilizopotea

Yaliyofuata wengi mtayatambua. Ndugu mmoja wa upande wa mume alisema ni mkosi, akataka watu waulizwe kwanza nyumbani. Mwingine alileta majani ya kupaka. Fedha za pamba zilikuwa hazijaingia. Shemeji yangu, ambaye namheshimu kwa kutomkimbia dada yangu kama wanaume wengi wanavyofanya, alizunguka kukopa nauli na fedha za matumizi.

Walifika Hospitali ya Bugando, Mwanza, mtoto akiwa na siku 11. Kidonda kilikuwa kimeshaingia vijidudu. Ilibidi atibiwe maambukizi kwanza ndipo afanyiwe upasuaji wa kufunga mgongo. Baadaye kichwa kilianza kukua kwa kasi kutokana na maji, akawekewa mpira wa kuyapeleka tumboni.

Kwa kawaida madaktari hushauri mgongo wa namna hiyo ufungwe ndani ya saa 48 hadi 72 baada ya kuzaliwa. Barabara kuu kutoka Bunda kwenda Mwanza kupitia Lamadi na Magu ni ya saa chache kwa basi. Umbali haukuwa kikwazo kikubwa. Tulichokosa ni kujua mapema.

Leo mtoto ana miaka minne. Ananiita mama mdogo, anahesabu hadi 50 na anajua nyimbo zote za kanisani. Hatembei. Mama yake anamtoa mkojo kwa mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku, kwa sababu mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu iliathirika. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika angekuwaje kama angefika siku ya pili, maana mishipa iliyoharibika tumboni hairudi. Lakini maambukizi ni jambo ambalo kufika mapema husaidia kulizuia, na maambukizi hayo ndiyo yaliyokaribia kumuua.

Mgongo hufungwa kabla hujajua una mimba

Mtoto anapoanza kuumbika, ubongo na uti wa mgongo huanza kama kipande bapa. Kipande hicho hujikunja, kingo zake mbili zikakutana na kufungana kama zipu, kikawa mrija. Kazi hiyo hukamilika kabla ya siku ya 28 baada ya mimba kutungwa.

Kwa hesabu ya kliniki, ambayo huanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hiyo ni takriban wiki ya sita. Wanawake wengi wakati huo ndiyo kwanza wanajiuliza mbona siku zimepitiliza.

Zipu isipofungika upande wa chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Isipofungika upande wa juu, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haiumbiki, na mtoto wa aina hiyo hawezi kuishi muda mrefu baada ya kuzaliwa. Kuna pia aina ndogo ambayo pengo la mfupa limefunikwa na ngozi. Mtu anaweza kuishi nayo maisha yake yote bila kujua.

Tatizo hili si adimu kama tunavyodhani. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta takriban watoto watatu katika kila 1,000 waliozaliwa hai wakiwa na kasoro za kundi hili. Hatuwaoni mitaani kwa sababu wengine hufariki wachanga na wengine hufichwa ndani.

Picha ipigwe wiki ya ngapi?

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila mjamzito apigwe altrasaundi angalau mara moja kabla mimba haijafikisha wiki 24. Kwa ajili ya kutazama maumbile ya mtoto, wakati unaofaa zaidi ni kati ya wiki ya 18 na 22, yaani mwezi wa tano hivi.

Kabla ya hapo mtoto bado ni mdogo, ingawa kukosekana kwa fuvu kunaweza kuonekana hata mwisho wa mwezi wa tatu. Baada ya hapo mambo yanakuwa magumu kwa namna nyingine. Mtoto wa wiki 36 amebanana, amekunja mgongo, mara nyingi ameulaza upande ambao mashine haiufikii vizuri. Mifupa imekomaa na inaweka kivuli. Baadhi ya dalili zilizokuwa wazi kichwani zinakuwa zimepotea.

Kwa hiyo picha ya dada yangu haikuwa ya uongo. Ilijibu maswali ya wiki ya 36, mtoto amelalaje na maji yapo kiasi gani. Swali la mgongo lilipaswa kuulizwa miezi minne kabla.

Hapa ndipo tabia yetu ya kuanza kliniki tumbo likiwa limeonekana inatugharimu. Ukianza mwezi wa sita, dirisha hilo limeshapita au linakaribia kufungwa.

Kichwa kinachosema habari za mgongo

Dada yangu sasa ana mimba ya pili. Safari hii aliniambia mapema kuliko alivyomwambia mama. "Mdogo wangu, twende wote. Wewe ndiye uulize, mimi nitaogopa." Nilipanda basi kuja Bunda, na mimba ilipofikisha wiki 20 nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, macho yetu yote kwenye skrini.

Mtaalamu aliyempiga picha alianza kichwani, akakaa hapo muda mrefu kiasi cha kututia wasiwasi. Ukweli ni kwamba alikuwa akifanya kazi yake ipasavyo.

Hadi miaka ya 1980, kuutafuta mgongo wazi kwa altrasaundi kulikuwa kama kutafuta sindano kwenye majani, maana mtaalamu alilazimika kukagua pingili moja moja. Mwaka 1986 Kypros Nicolaides na wenzake wa London walichapisha jambo lililobadili kazi hiyo. Walionyesha kwamba mgongo ukiwa wazi, kichwa nacho hubadilika umbo. Maji ya uti wa mgongo yanavuja kupitia pengo, na ubongo unavutwa kushuka chini. Paji la uso linabonyea pande mbili, kichwa kinaonekana kama limau badala ya yai. Ubongo mdogo wa kisogoni, ambao kwa kawaida una umbo la namba nane iliyolala, unajikunja kama ndizi.

Limau na ndizi. Hadi leo wataalamu duniani kote hutumia majina hayo mawili. Mashine haihitaji kuwa ya kifahari. Inayohitajika zaidi ni mikono iliyofundishwa, muda wa kutosha na mtu anayejua anatafuta nini.

Kisha hushuka mgongoni. Kwenye picha ya urefu, uti wa mgongo huonekana kama reli mbili zinazokwenda sambamba na kukutana mkiani. Pakiwa na mgongo wazi, reli hutanuka mahali fulani, na juu yake panaweza kuonekana kifuko cha maji. Mwisho hutazama miguu, kama imepinda kwenye vifundo.

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, si mionzi kama ya eksirei, hivyo mjamzito asiogope kupimwa. Lakini picha safi si hati ya dhamana. Pengo dogo lililofunikwa na ngozi linaweza kupita bila kuonekana. Na pale mtaalamu anapotilia shaka, hatua inayofuata ni kurudia picha kwa mtaalamu mwenye uzoefu zaidi, ama Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa, Musoma, ama Bugando. Picha moja yenye shaka isiwe hukumu.

Sasa ukijua, unafanya nini?

Hili ndilo swali ambalo mama alituuliza tulipomweleza. "Mkishajua, mtamtoa?" Kwa mama, kupima ni kujitafutia presha bure.

Jibu langu kwake lilikuwa kwamba picha haitibu, lakini inachagua mahali pa kujifungulia. Mama anayejua mwezi wa tano kwamba mtoto ana mgongo wazi ana miezi minne ya kupanga. Anaandikiwa rufaa mapema. Anajua atajifungulia hospitali ambayo mtoto anaweza kufanyiwa upasuaji au kusafirishwa siku hiyo hiyo. Daktari anafuatilia kama maji yanajaa kichwani na kuamua kama atazaa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji. Baba anaanza kuweka akiba. Na ndugu wanaambiwa mapema, kwa utulivu, kabla ya maneno ya mkosi kuanza.

Pia kuna picha zinazoleta habari nzito zaidi, kama pale fuvu halijaumbika. Hakuna mzazi anayetaka kuisikia habari hiyo. Lakini ni bora kuisikia ukiwa umekaa na daktari na mumeo pembeni, mkapewa ushauri, kuliko kukutana nayo kwenye kitanda cha kujifungulia.

Nchi zenye uwezo mkubwa zimekwenda mbali zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kufunga mgongo mtoto akiwa bado tumboni, kabla ya wiki ya 26, kunapunguza uhitaji wa mpira wa kichwani. Walioufunga mapema, watoto 40 katika 100 waliwekewa mpira ndani ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na 82 katika 100 waliofungwa baada ya kuzaliwa. Lakini upasuaji huo una hatari zake kwa mama, ikiwamo kujifungua kabla ya wakati, na si huduma utakayoikuta Mwanza.

Afrika Mashariki nayo ina mchango wake. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyopo Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aliendeleza njia ya kutibu maji ya kichwani kwa kutoboa tundu dogo ndani ya ubongo ili yapite yenyewe, bila mpira kwa watoto wengi. Hapa nchini, upasuaji wa mgongo wazi na vichwa vikubwa hufanyika Bugando na katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na wazazi wana chama chao, ASBAHT. Dada yangu anasema mzazi wa kwanza aliyemwelewa alikutana naye wodini, si nyumbani.

Kama mtoto amezaliwa tayari

Ikitokea mtoto amezaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni bila kutarajiwa, saa za kwanza ndizo muhimu. Palipo wazi pafunikwe kwa shashi safi iliyolowanishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali. Mtoto alazwe kifudifudi au ubavu, si chali. Apewe joto, anyonye, na aandikiwe rufaa siku hiyo hiyo. Kusiwekwe majani, majivu, mafuta wala poda. Kifuko kisitobolewe.

Kama umejifungulia nyumbani, usisubiri kikao cha ukoo. Kikao kinaweza kufanyika mtoto akiwa hospitali.

Kinga huanza kabla ya mimba

Sehemu kubwa ya kasoro hizi inaweza kuzuilika, na dawa yake haina makuu. Ni foliki asidi, aina ya vitamini B. Mwaka 1991 utafiti mkubwa uliohusisha nchi saba ulionyesha kwamba wanawake waliowahi kupata mtoto wa aina hii, wakitumia foliki asidi kabla ya mimba, hatari ya kupata mwingine ilipungua kwa asilimia 72.

Ushauri wa kawaida ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi mwisho wa mwezi wa tatu. Vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki vina foliki asidi pia, na ni vizuri kuvimeza. Lakini ukivianza mwezi wa nne, kwa habari ya mgongo umechelewa. Zipu ilishafungwa, au ilishashindwa kufungwa.

Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi ana hatari kubwa zaidi ya mara kadhaa kuliko wengine, hivyo huhitaji dozi kubwa, takriban mara kumi ya ile ya kawaida, na huandikiwa na daktari. Dada yangu alianza vile vidonge vidogo vya njano miezi mitatu kabla ya kujaribu kupata mimba. Mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kifafa, hasa valproeti, naye amwone daktari kabla ya kubeba mimba. Asiache dawa za kifafa mwenyewe.

Mezani, foliki iko kwenye mboga za majani, maharage, kunde, maini na machungwa. Chakula hiki kinasaidia, ila peke yake mara nyingi hakifikishi kiwango kinachotakiwa, na mboga iliyochemshwa muda mrefu hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo.

Tangu kanuni za mwaka 2011, viwanda vikubwa nchini vinatakiwa kuongeza virutubishi, ikiwamo foliki asidi, kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Afrika Kusini ilipofanya hivyo mwaka 2003, kasoro hizi zilipungua kwa karibu theluthi moja. Lakini fikiria ugali wa nyumbani kwetu. Ni mahindi, mtama au muhogo wa shambani, yamesagwa kwenye mashine ya mtaani. Unga huo haujaongezwa kitu. Ndiyo maana kidonge bado kina kazi yake.

Maswali ya kwenda nayo

Ukienda kupiga picha, yaandike kwenye simu yako.

Mimba yangu ina wiki ngapi leo, na je, ni wakati mzuri wa kutazama maumbile?

Umeuona mgongo wote, kuanzia shingoni hadi mwisho?

Umbo la kichwa na ubongo wa kisogoni likoje?

Kuna sehemu ambayo hukuiona vizuri, na nirudi lini?

Muulize kwa heshima. Foleni huwa ndefu na wataalamu ni wachache, lakini mtaalamu mzuri hachukii kuulizwa. Jinsia muulize mwishoni, kama bado una hamu ya kujua.

Siku ile na dada yangu, niliuliza yote manne. Mtaalamu alirudi mgongoni mara ya pili, akasogeza skrini upande wetu, akatuonyesha kwa kidole zile reli mbili zikishuka hadi zinapokutana. "Mama, hapa pamefungwa," alisema. Aliongeza kwamba picha haioni kila kitu na akampangia tarehe nyingine.

Dada hakujibu. Alijifuta ile mafuta ya baridi tumboni, akavaa viatu, akatoka nje. Simu ilikuwa inaita, shemeji alikuwa Bunda mjini na hakuweza kuvumilia zaidi.

"Wa kike au wa kiume?" aliuliza.

"Sijauliza, baba," dada akamjibu. "Mgongo umefungwa."